Masikio Kumi na Mawili Pembeni mwa Mpunga

Nipo juu ya dungu, jukwaa la miti, naamia ndege kwenye mpunga ambao si wangu. Mpunga ni wa Semeni binti Ally, na mwenyewe yuko kambini Kibiti, kakaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya kompyuta, anajifunza kusoma miamba. Mie huku nina kopo la mawe, kombeo na sauti yangu, na kweleakwelea wameshanizoea kiasi kwamba wananisubiri nimalize kupiga kelele ndipo waendelee kula. Ukiniuliza nani kaniweka hapa, nitakwambia nimejiweka mwenyewe. Ukitaka kujua kwa nini, itabidi unisikilize tangu mwanzo, maana hadithi ya mtu haianzii kiunoni.

Semeni ni wa hapa hapa Mbuchi. Tumekua wote, tumechezwa unyago mwaka mmoja, na darasa la saba tulimaliza dawati moja, yeye akiandika, mie nikiongea. Baba yake, mzee Ally, alikuwa mchimba visima. Hiyo ni kazi ya kumpa mtu usiyempenda, kwa huku kwetu delta: unachimba siku tatu ukitegemea maji matamu, unapata ya chumvi, na watu wanakutazama kana kwamba chumvi umeitia wewe. Kabla ya kuchimba, mzee Ally alikuwa akiigonga ardhi kwa mpini wa jembe, kisha anatega sikio. Watu walimcheka. Semeni hakucheka. Alikuwa akilala kifudifudi karibu naye, shavu kwenye tope, naye anasikiliza. Mzee wa watu amekufa bila kujua kwa hakika chini kuna nini, na hamu hiyo akamwachia binti yake, maana kitu kingine cha kumwachia hakuwa nacho.

Basi mwaka jana, masika yalipokuwa yanaishia, ikaja kampuni inayotafuta mafuta na gesi. Watu walidhani watachimba. Hawakuchimba. Walikuja kusikiliza.

Kazi yenyewe nitakueleza kama tulivyoelezwa na Injinia Mudrick, kijana wa Ikwiriri, mwembamba, miwani kubwa, mtu mzuri sana ila akianza kufundisha haachi. Wanatoboa tundu jembamba ardhini, wanatia baruti kidogo, wanailipua. Mshindo unashuka chini, ukikutana na mwamba unarudi juu, kama sauti yako inavyokurudia ukiita ndani ya kisima. Huku juu, kwenye mstari mrefu, kumepangwa vidude vyenye mwiba wa chuma, vimeunganishwa kwa waya. Vile ndivyo vinavyousikia mshindo ukirudi. Wao wanaviita jiofoni. Sisi tuliviita masikio, na baada ya wiki hata Mudrick akawa anasema masikio. Mshindo ukichelewa kurudi, mwamba uko mbali. Ukiwahi, mwamba uko karibu. Kompyuta inakusanya yote, inachora picha ya chini, tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma uliyoikata katikati.

Tulifanya kazi wawili wawili, kwa sababu mtungo mmoja wa waya na masikio yake kumi na mawili mtu mmoja haubebi. Mimi na Semeni tulikuwa jozi. Wapimaji walishatangulia mwezi mzima kabla yetu wakapiga vigingi vyenye kitambaa chekundu na namba. Msimamizi wetu, Haruna, alikuwa na sheria moja tu, na aliisema kila asubuhi kabla hata ya salamu kumalizika: sikio linakaa kwenye kigingi. Si karibu na kigingi. Kwenye kigingi. Na redio ya upepo ikisema "tulia", unatulia ulivyo, hata kama mguu mmoja uko hewani, maana masikio yale yanasikia mpaka mtu akijikuna.

Sasa sikia kisa hiki, umjue Semeni ni mtu wa namna gani. Siku moja Mudrick alikuja mstarini na kompyuta yake ya mkononi, amekasirika. Kwenye picha kulikuwa na alama zinazojirudia, tik, tik, tik, zimeharibu kazi ya asubuhi nzima. Alidhani mashine imeharibika. Semeni akachungulia begani kwake, akasema, "Injinia, hao ni wanawake wawili wanatwanga. Wanapokezana. Huyu wa pili ana mkono mzito, atakuwa Mwanajuma." Tukaenda mpaka nyumba ya nyuma ya msikiti, tukamkuta Mwanajuma na wifi yake, kinu katikati, jasho linawatoka. Mudrick akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo akawa anamwita kila jioni kumwonyesha picha. Na siku moja akamwambia mbele yetu sote: mstari wa Mbuchi ukiisha, kampuni inahamia Mkongo, kule bondeni. Itachukua mtu mmoja wa huku awe msimamizi wa mstari, na mvua zikianza atakaa Kibiti afundishwe kusoma picha. "Mimi nitapeleka jina lako, dada Semeni," alisema. Semeni aliitika kwa kichwa tu. Lakini njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Habiba, nikikosa hii, nitakuwa nimekosa yote." Mumewe Abdalah, ambaye ni mvuvi wa kamba na mtu asiye na maneno, alishaanza kujifunza kupika.

Ndipo tukafika kwenye shamba la Bi Mwantumu.

Kigingi namba mia mbili na kumi na nne kilikuwa ukingoni mwa shamba lake, na kumi na kimoja vilivyofuata vilikuwa ndani. Vilipopigwa, mpunga ulikuwa wa magotini. Tulipofika sisi, ulikuwa na mimba. Kama hujalima mpunga nitakwambia: suke limeshajaa ndani ya bua ila halijatoka, bua limevimba, ukilishika unalisikia. Mpunga ukiwa hivyo, huku kwetu hakuna mtu anayepita katikati yake. Mwenye shamba mwenyewe anazunguka pembeni. Tunaambiwa ukiushtua unazaa makapi. Nimezaliwa nimekuta hivyo, bibi yangu alizaliwa akakuta hivyo, na sijawahi kumwona mtu wa Mbuchi aliyejaribu ili ajue kama ni kweli.

Bi Mwantumu alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, hilo siwezi kulificha. Ila siku anaweka dole hakuna aliyemwambia watakuja lini. Asubuhi ile alikuwa amesimama ukingoni, kanga kichwani, jembe begani.

"Shikamoo, bi mkubwa," Semeni akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnaingia?"

"Kazi imetufikisha, bi mkubwa."

Akasema, "Haya," basi. Akageuka akatazama upande wa mto ili asituone tukiingia. Bora angetutukana. Matusi ningeyaweza, mie matusi tunaelewana.

Semeni alisimama na mtungo wa waya mkononi. Nilimwona anatazama kigingi, anatazama mpunga, anatazama kigingi. Kisha akatazama kando, kwenye mwinuko wa udongo mgumu uliopakana na shamba, mahali pasipolimwa. "Hatua hamsini," akasema. "Huko chini wanakotafuta ni mbali, hatua hamsini ni kitu gani? Shika huko." Nikashika huko. Tukachomeka masikio yote kumi na mawili juu ya ule mwinuko, yamenyooka vizuri, mazuri kuliko siku zote. Redio ikasema tulia, tukatulia. Baruti ikalia mbali, ng'ambo ya kijito. Mpunga haukutikisika. Bi Mwantumu alipogeuka akakuta hakuna bua lililolala, akatuletea mihogo ya kuchemsha. Tukaila yote.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, wafanyakazi wote wa mstari tuliitwa Kibiti kambini. Kulikuwa na pilau. Mudrick alikuwa anatembea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Akatuingiza kwenye hema lake, akawasha kioo kikubwa, akatuonyesha picha ya chini ya Mbuchi. Tabaka zilikuwa zimelala, zimelala, zimelala, halafu mahali pamoja zikainuka, zikafanya nundu, zikashuka tena.

"Hii," akasema, "ndiyo tunayoitafuta dunia nzima. Gesi inapanda, inapanda, ikikuta mwamba mgumu umebinuka hivi inanasa, kama moshi chini ya paa la makuti. Jumatatu napeleka ripoti Dar es Salaam. Nitapendekeza wachimbe hapa kwanza. Italetwa mitambo, itapita barabara, patamwagwa kifusi."

"Hapa ni wapi?" Semeni akauliza. Sauti ilikuwa yake ila ndogo.

Mudrick akasogeza kidole chini ya picha, kwenye namba. Mia mbili na kumi na nne mpaka mia mbili na ishirini na tano.

Wenzetu wakapiga makofi. Haruna akasimama akasema kuna habari nyingine njema, orodha ya Mkongo imerudi, wa kwanza ni Semeni, wa akiba ni Habiba. Makofi tena. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni, sikuweza kuitafuna wala kuitema.

Jumamosi Semeni alikuja kwangu asubuhi na mapema, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alikuwa ameshaelewa. Mimi ilibidi anifafanulie. "Huku kwetu mpungani ni tope," akasema. "Kwenye tope mshindo unachelewa. Masikio yote ya mstari huu yalikuwa kwenye tope, kasoro yale kumi na mawili. Yale yalikuwa kwenye udongo mgumu, yakasikia mapema. Kompyuta ikadhani pale mwamba umeinuka. Ile nundu hakuna, Habiba. Tumeitengeneza sisi."

"Pengine ipo," nikasema.

"Pengine. Na pengine baba yangu alikuwa mlevi, maana walisema hivyo pia." Akachora mstari chini kwa kidole cha mguu. "Tuliukwepa mpunga wa Bi Mwantumu tusiukanyage. Sasa wanaleta kifusi waufukie, na chini hakuna kitu."

Nikamwambia asubiri kwanza aende Mkongo, akishashika kazi ndipo aseme. Nikamwambia mengine mengi, mie maneno sikosi. Nikamwambia hata Haruna atamfukuza, na hilo nililisema kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akasema, "Heri lawama kuliko fedheha." Akaenda kumtazamia Abdalah ubwabwa wake kama umeungua.

Jumatatu tuliingia hema la Mudrick tukiwa wawili. Haruna alikuwepo. Semeni hakukaa. Akaeleza kila kitu, mpunga, mimba, mwinuko, hatua hamsini, udongo mgumu na tope, kwa mpangilio kuliko hata Mudrick angeeleza. Mudrick akaketi taratibu, mkono kwenye ripoti iliyokuwa tayari kwenye bahasha.

Haruna akauliza, "Na nani? Nani mwingine aligusa waya ule?"

Semeni akasema, "Niliyasogeza mimi."

Hakunitazama. Na mie, Habiba, mwanamke ninayesemwa kijiji kizima kuwa mdomo wangu hauna mlango, sikufungua mdomo. Ningetaka kukwambia niliogopa, na ni kweli niliogopa. Lakini ndani ya ule woga kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa kinajua kusoma orodha: akitoka wa kwanza, anaingia wa akiba. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale pale, kabla Haruna hajamaliza kulikata jina lake kwa kalamu.

Ripoti haikwenda. Julai, mpunga ulipovunwa, kikundi kilirudi shambani kwa Bi Mwantumu, na mara hii masikio yakachomekwa kwenye kila kigingi, katikati ya mabua makavu. Semeni hakuruhusiwa kugusa chombo. Alikuwa pale kama mvunaji tu, anamsaidia bibi kufunga matita. Redio iliposema tulia, alisimama wima na tita kichwani, wa kwanza kutulia kuliko sisi wenye vizibao. Baruti ikalia. Kesho yake picha ikatoka, na miamba imelala sawa toka kigingi hadi kigingi, bapa kama jamvi.

"Wamerudi kutafuta nini hawa?" Bi Mwantumu aliniuliza.

"Nundu, bi mkubwa."

"Wameipata?"

"Hakuna."

"Si wangeniuliza mimi," akasema, akaendelea kupepeta.

Agosti nikaenda Mkongo. Nikapewa kizibao chenye neno msimamizi mgongoni, redio yangu, na watu kumi na wanane wa kuwaambia kila asubuhi kwamba sikio linakaa kwenye kigingi. Sikatai, nilifurahi. Nilipiga picha nikamtumia kila mtu niliyemjua, isipokuwa mmoja.

Ila Mudrick alikuwa amebadilisha fomu. Fomu ya kila siku ya mstari sasa ilikuwa na safu mpya mwishoni: je, kuna sikio lililosogezwa, hatua ngapi, kwa sababu gani, na nani. Mtu akikuta kaburi, kisima, mti wa tambiko, anasogeza, kisha anaandika, na kompyuta inaambiwa ukweli. Jambo dogo hivyo tu, hakuna anayefukuzwa. Wafanyakazi wa Mkongo hawajawahi kumwona Semeni, lakini wanaiita safu ya Semeni. "Safu ya Semeni umejaza?" "Bado, ngoja nimalize." Na chini ya safu hiyo, kila jioni, anayetia sahihi ni msimamizi.

Nilitia sahihi mwezi wangu wa kwanza kule. Nilitia wa pili. Katikati ya wa tatu, jioni moja, nilifika pale panapouliza "na nani", kalamu ikakataa. Sitakudanganya kwamba ni wema. Nilikuwa nimechoka tu kuliona lile jina na kuendelea kula vizuri.

Nikaenda kwa Mudrick. Nikamwambia, "Yale masikio ya Mbuchi tuliyasogeza wawili. Upande wa pili wa waya niliushika mimi."

Hakuonekana kushangaa. "Najua," akasema. "Mtungo ule mtu mmoja haubebi."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na ukaniacha?"

"Yeye alikuacha. Mimi nilikuwa nasubiri." Akavua miwani akaifuta. Nikamwambia nafasi ile ni ya mwenyewe, ampelekee. Akasema hawezi kuahidi, atazungumza na wakubwa, na kwamba mimi, kwa kunyamaza kote kule, lazima nirudi nyumbani. Nikavua kizibao nikakikunja vizuri. Nililia njia nzima hadi Kibiti, na abiria aliyekaa karibu nami akanipa pole ya msiba.

Siku tisa baadaye Mudrick alinipigia simu, kwa sababu Semeni hakuwa na chaji. Nikaenda kwake na ujumbe. Nilimkuta uani anatwanga, na tangu Julai tulikuwa tumesalimiana tu kama watu wanaokutana sokoni.

"Unatakiwa Kibiti Jumatatu," nikamwambia. "Wamekurudisha kwenye orodha."

Hakuacha kutwanga. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Umechelewa."

"Najua."

Akatwanga mara mbili, tatu. Kisha akauegemeza mchi ukutani, akajifuta jasho, akaniangalia usoni, na hapo nikajua nilivyokuwa nimemkosa mtu huyu kuliko kizibao. "Na mpunga wangu wa mwaka huu," akasema, "nani ataulima, nani atauamia?"

Ndiyo sababu unaniona juu ya dungu. Nimelima, nimepalilia, na mwezi uliopita ulipobeba mimba nilizunguka pembeni siku zote, nikimfukuza hata mbuzi kwa kunong'ona. Shamba hili limepakana na la Bi Mwantumu, na bibi kila akipita ananiambia ndege wananicheka.

Jana simu yangu ililia. Semeni katuma picha ya kioo cha kompyuta: miamba ya Mbuchi, tabaka kwa tabaka, mpaka chini kabisa ambako baba yake hakuwahi kufika na jembe lake. Juu kabisa ya picha kaweka alama ya duara nyekundu. Pembeni kaandika, "Hapa ndipo dungu lilipo. Nimesoma mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Chini yako hakuna kitu, shoga yangu. Amia ndege."